Sifa Katika Ibada: Kinywa cha Nani?

Jumapili moja ya masika tulihudhuria ibada katika kanisa moja karibu na Itungi, pale nchi ya Kyela inapokutana na Ziwa Nyasa. Wimbo wa kusifu ulipotajwa, wazee waliinamia vitabu vyao wakaimba polepole, kama watu wanaobeba mzigo. Kisha ikaja zamu ya kwaya. Vijana waliimba kwa shangwe, nao washarika waliobaki wakaketi wakiwatazama. Tulijiuliza: asubuhi ile ni nani hasa aliyemsifu Mungu?

Swali hili lina historia. Wamisionari wa Kimoravian na wale wa Kilutheri wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891. Pamoja na Injili walileta nyimbo za Kijerumani. Maneno yakatafsiriwa, tuni zikabaki zilivyokuwa. Hatuwalaumu kwa kutafsiri. Tatizo liko katika mkazo. Katika Kiswahili, na vivyo hivyo katika Kinyakyusa, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: tutamkapo "Mungu" au "Kyala", nguvu ya sauti iko mwanzoni mwa neno. Lakini tuni nyingi za Kijerumani huanza kwa noti dhaifu na kumaliza mstari kwa noti nzito, kwa kuwa lugha ile ina maneno mengi ya silabi moja. Neno "sifa" likiwekwa mwishoni mwa mstari wa namna hiyo, mwimbaji hulazimika kuikazia "fa" na kuimeza "si". Mwanafunzi na ajaribu mwenyewe: asome ubeti mmoja kama asemavyo kila siku, kisha auimbe. Atasikia neno likivunjika kinywani. Aimbaye maneno yaliyovunjika hutii kitabu; kushangilia ni jambo jingine.

Tena tutazame jina lenyewe la Mungu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba zamani Kyala alikuwa shujaa aliyetambikiwa katika pango karibu na Ikombe, ufukweni mwa ziwa hilihili. Kanisa likalichukua jina lake likamwita Muumba. Ajabu ni kwamba jina lilikubaliwa, ngoma ikakataliwa. Hata mazishini Wakristo waliacha kucheza wakaimba nyimbo za kitabuni.

Kwamba jambo hili lingeweza kufanywa vingine si ndoto. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Bukoba, alitunga wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa tuni ya Kihaya, na leo wimbo huo huimbwa hata Ulaya na Marekani. Huko Makumira, Howard Olson alikusanya tuni za makabila mbalimbali kwa ajili ya ibada.

Hata hivyo, tuni ya kienyeji peke yake haitoshi. Kwaya tuliyoisikia iliimba kwa mahadhi ya hapahapa, na bado washarika walikaa kimya. Sifa imekuwa kazi ya wachache waliovaa sare. Wapo watakaosema kwamba kwaya huwafundisha wengine. Huenda, lakini hatukuona aliyefundishwa, tuliona waliopiga makofi. Mbaya zaidi ni pale kwaya mbili za kanisa moja zinaposhindana hadi kunyimana salamu. Wazee wa Unyakyusa wangeshangaa. Kwao, kabla ya tambiko, jamaa wenye kinyongo walitakiwa kukisema waziwazi, kwani hasira iliyofichwa moyoni ilihesabiwa kuwa yaharibu ombi la wote. Sharti hilo halimo katika kitabu chochote cha nyimbo tukijuacho, ingawa Injili yenyewe yamwagiza mtu apatane kwanza na ndugu yake ndipo aitoe sadaka.

Siku ile kwaya ilipokwisha kuketi, bibi mmoja wa viti vya nyuma alisema, bila kuombwa: "Ndaga, Kyala, ndaga fijo." Alikuwa akishukuru tu, kama mtu ashukuruvyo nyumbani, na kila neno lilikuwa na mkazo wake mahali pake. Waliokuwa karibu naye wakaitikia, kisha safu za mbele, na mwisho hata wanakwaya.