Kutoka "Ya-" hadi "A-": Demokrasia na Demagogia katika Balagha ya Makinikia

Makala haya yanahakiki balagha ya mjadala wa makinikia wa mwaka 2017 ili kubainisha mpaka kati ya hoja ya kidemokrasia na demagogia, yaani usemi unaouteka umma kwa kuugawa badala ya kuushirikisha katika kupima jambo. Mara nyingi mpaka huo hutafutwa katika ukali wa maneno. Kigezo hicho hakitoshi. Mkazi wa Ibadakuli, mjini Shinyanga, ambaye mkoa wake ulikuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wakati huo, ana haki ya kuuliza kwa hasira dhahabu hiyo imemletea nini.

Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi. Kamati ya Profesa Mruma iliwasilisha ripoti yake kwa Rais Magufuli tarehe 24 Mei, na ya Profesa Osoro tarehe 12 Juni, huku taifa likitazama mubashara. Hapa balagha ilikuwa na sura ya kidemokrasia: istilahi ya wataalamu wa madini ikawa neno la kijiweni, na mwananchi akapata jina la kile anachokidai. Waziri mwenye dhamana aliondolewa. Lawama haikuishia kwa wageni.

Sura ya pili ilijitokeza katika sitiari ya "vita vya kiuchumi". Vitani kuna askari, adui na msaliti. Muuliza swali hana nafasi. Badiliko hili huonekana katika sarufi. Tuchukue tungo mbili za mfano: "Makinikia yasisafirishwe, kwa kuwa thamani yake haijathibitishwa" na "Anayetetea usafirishaji ni msaliti." Katika ya kwanza, kiambishi "ya-" kinarejelea jambo, na sababu iliyotolewa inaweza kupimwa. Katika ya pili, "a-" kinarejelea mtu, na hakuna kilichobaki cha kupima isipokuwa uaminifu wake. Kiambishi "tu-" nacho husaidia uhamaji huo. Kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na ile inayomtenga, anayeuliza anaweza kuondolewa katika "sisi" bila kutangaziwa.

Vivyo hivyo, neno "mabeberu" lilifuta tofauti zilizohitajika katika hoja yenyewe. Mgodi wa Geita, kwa mfano, haukuguswa na zuio kwa sababu hausafirishi makinikia.

Athari yake si ya kimtindo tu. Sheria za rasilimali zilipitishwa Julai 2017 kwa hati ya dharura. Kampuni ya Acacia ilidaiwa kodi ya dola bilioni 190. Maridhiano na Barrick yalizaa dola milioni 300 na hisa asilimia 16 za serikali katika kampuni ya Twiga. Huenda maridhiano hayo yalikuwa mazuri. Hata hivyo, raia aliyetaka kujua bilioni zilivyogeuka milioni alikuwa amekwisha kunyimwa nafasi ya kuuliza bila kuonekana yuko upande wa adui.

Kigezo hiki kinawahusu wakosoaji pia: aliyewajibu waungaji mkono wa zuio kwa kuwaita mbumbumbu naye alihama kutoka "ya-" kwenda "a-". Kwa hiyo, hoja ya umma ipimwe kwa nafasi inayomwachia msemaji anayefuata: je, anaweza kuipinga na bado akabaki mmoja wa "sisi"?