Kibanda Umiza Kinastahili Heshima

Anayesimulia historia ya sinema nchini Tanzania huanzia kwenye majumba makubwa, mathalani Majestic ya Unguja, iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya jengo la awali kuungua. Lakini kwa miji midogo kama Kilosa, iliyo kwenye reli ya kati, na Mikumi, iliyo kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, heshima ya kutajwa katika historia hiyo inakistahili pia kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa kuonyeshea video. Kina mabenchi, televisheni, spika na kiingilio ambacho kibarua wa mkonge au utingo wa lori anakimudu. Thamani yake si jengo, bali ni kule kutazama pamoja. Watafsiri wa filamu, kama vile Lufufu, waliifanya picha ya kigeni ieleweke kwa Kiswahili, wakiongeza utani na ufafanuzi, nayo ikawa masimulizi yenye msimulizi na hadhira. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, hadhira hiyo hiyo hugeuka jukwaa la mashabiki.

Wapo wanaodai vibanda huwatorosha watoto shuleni na kuwanyima wasanii jasho lao. Hoja zote mbili ni nzito. Hata hivyo, dawa yake ni usimamizi: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inahusu vibali vya maonyesho, na mwenye kibanda anayelipia haki za filamu huwa soko la msanii. Wengine husema simu imekwisha kukiua kibanda. Simu humpa mtu picha, lakini haimpi jirani wa kubishana naye.