Jinsi Kalsinyurini Ilivyonaswa

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wapandikizaji wa figo walikuwa na dawa iliyowatumikia vizuri bila mtu kujua inafanyaje kazi. Siklosporini, inayotokana na kuvu wa udongo wa Norway, iliidhinishwa Marekani mwaka 1983. Ilijulikana kwamba dawa hiyo huacha jeni ya intalukini-2 imezimwa ndani ya seli T, na bila intalukini-2 seli hizo haziongezeki kushambulia kiungo kigeni. FK506, iliyopatikana kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, ilileta matokeo yaleyale ingawa kikemia dawa hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Dhana ya kwanza ilishawishi. Siklosporini hushika protini iitwayo siklofilini, na FK506 hushika nyingine, FKBP. Zote mbili ni vimeng'enya vinavyosaidia protini kujikunja, na kila dawa huzima kile inachokishika. Wengi wakaona jibu limepatikana.

Dawa ya tatu, rapamaisini, ikaivuruga dhana hiyo. Nayo hushika FKBP na kuizima, lakini haiizuii seli T kutoa intalukini-2. Maabara ya Stuart Schreiber, Chuo Kikuu cha Harvard, ikaunda molekuli yenye ile sehemu tu ya FK506 inayoshika FKBP. Kimeng'enya kilizimika, seli T zikaendelea kuamka. Kumbe kuzima FKBP si hoja. Swali likageuzwa: je, dawa na protini yake zikishikamana, huwa silaha mpya inayokamata kitu cha tatu?

Mwaka 1991 Jun Liu na wenzake waliitumia FKBP kama ndoano na FK506 kama chambo. Waliigandisha FKBP kwenye shanga, wakaitia dawa, kisha wakapitisha majimaji ya tishu za ubongo na thaimasi ya ndama. Kilichonasa ni kalsinyurini. Bila FK506 haikunasa. Ilipowekwa rapamaisini badala yake, haikunasa pia. Siklofilini iliyoshikana na siklosporini ikanasa kalsinyurini ileile. Nguvu ya jaribio imo katika ulinganisho huu: dawa mbili zisizofanana zilikutana kwenye shabaha moja, na ile isiyozima jeni ikaikosa.

Kalsinyurini ilishafahamika kwa watafiti wa ubongo. Ni kimeng'enya kinachoondoa fosfati kwenye protini, na huamshwa na kalsiamu kupitia protini iitwayo kalmodulini. Seli T inapotambua adui, kalsiamu hupanda ndani yake. Kalsinyurini huivua fosfati protini iitwayo NFAT, ambayo huingia kwenye kiini cha seli na kushika sehemu inayoongoza jeni ya intalukini-2. Mwaka huohuo 1991, maabara ya Gerald Crabtree, Stanford, ilionyesha kwamba dawa zote mbili huzuia safari hiyo ya kuingia kwenye kiini.

Hata hivyo, kunasa si kuthibitisha. Kitu kinaweza kushikwa na dawa bila kuhusika na athari yake. Mwaka 1992 Neil Clipstone na Crabtree waliongeza kalsinyurini ndani ya seli T za binadamu zinazokuzwa maabara. Ilihitajika dawa nyingi zaidi kuzima jeni. Dawa inaposhindwa kwa sababu shabaha imeongezwa, shaka hupungua sana.

Kalsinyurini, hata hivyo, haiwashi jeni hiyo peke yake. NFAT hufanya kazi bega kwa bega na protini nyingine, AP-1, inayoletwa na njia nyingine ya ishara, na vimeng'enya vinavyorudisha fosfati huiondoa NFAT kwenye kiini kalsiamu ikishuka. Jeni hubaki wazi pale tu ishara zinapoendelea.

Ugunduzi huu unaeleza pia kwa nini daktari hupima mara kwa mara kiwango cha dawa hizi kwenye damu. Kalsinyurini haiishi katika seli T pekee: imo pia kwenye figo na ubongo. Dozi ikizidi, dawa inayolinda figo mpya ndiyo itakayoidhuru.