Vazi la Mwimbaji Katika Picha

Mtu hununua gazeti la muziki kwa macho kwanza, masikio hufuata. Kwa hiyo vijana wetu wa Butembo na Beni wenye magitaa, wakitaka kupigwa picha ya gazeti, huuliza habari ya nguo: tuazime nini, tushike nini mkononi? Tumetazama picha chache za zamani za waimbaji wa mashambani, nasi twasema tulivyoziona.

Huko Nashville, Marekani, redio WSM ilianza mwaka 1925 kipindi cha muziki wa mashambani, ambacho baadaye kiliitwa Grand Ole Opry. Mmojawapo wa wapigaji wake wa kwanza alikuwa Humphrey Bate, naye alikuwa daktari. Mwanzoni yeye na wenzake walipigwa picha wamevaa suti na tai, nadhifu kama watu waendao Misa ya Pasaka. Lakini George D. Hay, msimamizi wa kipindi, alitaka wakulima. Akawapa jina la wawindaji wa kinyama kidogo cha msituni, na katika picha za baadaye twawaona katika nguo za kazi na kofia za shambani. Picha hizo zimepangwa vizuri, hata hivyo hazitupendezi. Umaskini wa mkulima umefanywa vazi la kuuzia. Bate alikuwa tabibu wa kijijini kweli kweli. Mkoba wake wa dawa ungalitueleza zaidi kuliko kofia ile.

Jimmie Rodgers ni mwingine. Katika filamu yake fupi ya mwaka 1929 amevaa nguo za mfanyakazi wa reli, na kazi ya reli aliifanya mwenyewe kabla kifua kikuu hakijamshinda. Vazi hilo twalisadiki. (Sahani zake zilifika hata Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa wimbo wa wasichana wa Kipsigis ambamo jina lake limegeuka Chemirocha, kiumbe nusu mtu, nusu paa. Hakuna fundi cherehani aliyewahi kupanga vazi kama lile!)

Sasa turudi Kongo. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walioitwa Bills, kwa ajili ya sinema za Buffalo Bill, walijivika kofia pana na vitambaa vya shingoni, na Jean Depara akawapiga picha. Wengi waliwaona wahuni tu. Padri Jozef de Laet wa Scheut aliwaendea, hata wakamwita Père Buffalo. Sisi twazisifu picha za Depara. Nguo ni za kuigiza, ndiyo, lakini vijana wenyewe walizichagua, na nyuso zao zajua kwamba ni mchezo.

Je, kijana wa Beni aweza kuiga? Kofia, aivae, milima ya Lubero ina wachungaji wa ng'ombe, wala jua halichagui taifa. Bastola ya mchezo, hapana kabisa. Tangu Oktoba 2014 watu wameuawa kwa mamia katika vijiji vya Beni, na mwezi wa Mei 2021 serikali iliweka mkoa wetu chini ya wanajeshi. Askari aliye mbali hawezi kupambanua ubao na chuma. Hata panga, chombo halali cha mkulima, tungeliacha nyumbani: katika vijiji vile ndilo lililoua, na mjane atakayefungua gazeti hatalitazama kama pambo. Vivyo hivyo nguo za rangi ya kijeshi.

Vitu vya kushika havikosekani. Chukudu iliyobeba viazi, na gitaa limeegemezwa juu ya magunia. Turubai la kuanikia kakao. Jembe lenye mpini uliong'aa kwa mikono. Shati liwe lile la Jumapili, limepigwa pasi, kwa maana mkulima wetu akijua atapigwa picha huoga na kubadili nguo. Na mwenye chukudu alipwe siku yake, maana saa mbili za kusimama mbele ya kamera ni viazi visivyofika sokoni.