Uasi au Vita? Istilahi katika Kumbukumbu za Maji Maji

Miongoni mwa hazina za mwanzo za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kumbukumbu za utafiti wa Maji Maji, uliofanywa mwaka 1968 na 1969, wakati chuo kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wanafunzi wa historia walikwenda vijijini wakawasikiliza wazee waliokumbuka mapigano ya 1905 hadi 1907. Wazee walisimulia kwa Kiswahili na kwa lugha zao. Makala zikaandikwa kwa Kiingereza. Hivyo mfasiri anayezileta katika Kiswahili hushika maneno yaliyokwisha kubadilishwa mara moja.

Neno la kwanza linalotutatiza ni uasi. Kuasi ni kukataa kumtii mwenye haki ya kutiiwa. Mtawala wa Kijerumani aliona hivyo, na katika barua yake neno hilo na libaki, kwani ni hoja yake. Lakini mfasiri akilitumia kwa kauli yake mwenyewe, amekwisha kutoa hukumu. Mwalimu wa Nachingwea au Ruangwa, katika nchi ya Wamwera walioshiriki mapigano hayo, atawaambiaje wanafunzi kwamba babu zao walikuwa waasi katika nchi yao wenyewe? Wala Kiswahili hakikupungukiwa. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliotolewa na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1957, wajulikana kwa jina la vita.

Neno la pili ni hongo. Wajumbe waliosambaza dawa ya maji waliitwa hivyo. Neno hili likiachwa bila maelezo, msomaji wa leo atadhani wazee walizungumzia rushwa, na mjumbe aliyeaminiwa atageuka mla mlungula.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, mfasiri aonyeshe kila neno ni la nani: la mtawala, la mzee, au lake mwenyewe. Pili, palipo na maneno ya mzee kwa Kiswahili au Kimwera, hayo yatangulie Kiingereza. Istilahi sanifu ni mali ya taifa zima. Haifai iwanyang'anye wenye habari jina la habari yao.