Ubavuni mwa Pantoni: Uhakiki wa Mahali pa Kutazamia Ziwa

Hadi Juni 2025, barabara ya kutoka Usagara kwenda Sengerema na Geita ilikatika Kigongo. Lami iliishia majini, na aliyetaka kufika Busisi, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, alisubiri pantoni. Wachimbaji wa Katoro na Nyarugusu, wauza dagaa, wagonjwa waliokimbizwa Hospitali ya Bugando, malori ya mafuta ya migodini, mabasi ya Bukoba: wote walipanga foleni moja. Waliofanikiwa kupanda walipata nusu saa hivi ya kukaa majini bila kazi. Katika nusu saa hiyo kila mmoja alichagua, kwa kujua au kwa mazoea, mahali pa kusimama na kitu cha kutazama. Uhakiki huu unahusu uchaguzi huo.

Tumezoea kuzungumzia fani ya shairi au ya tamthiliya na kusahau kwamba chombo cha usafiri nacho kina fani. Aliyekichora aliamua wapi pawe wazi na wapi pazibwe, nani akae chini na nani akae juu, jicho lifike wapi na likome wapi. Abiria anadhani anatazama ziwa tu, kumbe anatazama ziwa lililokwisha kupangwa na mabati, ngazi na vyuma vya kushikia. Hoja yangu ni kwamba mahali bora pa kutazamia ni ubavuni, pasipo kioo, kwenye usawa wa chini au wa kati, ambapo sehemu ya chombo chenyewe inabaki ndani ya upeo wa macho. Wengi hukimbilia juu kabisa, au mbele kabisa, au dirisha la chumba cha bei kubwa. Pote patatu panatoa kidogo kuliko panavyoahidi.

Tuanze na muundo wa pantoni. MV Misungwi, MV Sengerema na MV Mwanza, vivuko vya TEMESA, wakala wa serikali, vilivyofanya kazi Kigongo–Busisi, viliundwa kwa ajili ya magari kwanza. Katikati ni uwanja wa chuma wa kupanga malori na mabasi. Huku kuna mlango mpana wa kulaza ufukweni, na kule kuna mwingine, ili gari liingie upande mmoja na kutokea wa pili. Abiria hushuka kwenye basi na kuingia kwa miguu, kisha hubanwa pembeni na magari yenyewe. Pembeni hapo ndipo penye siri ya chombo hiki. Nafasi iliyobakizwa kama mabaki, baada ya lori kupimiwa lake, ndiyo iliyogeuka kuwa ukumbi bora wa kulitazama ziwa.

Mbele panavutia kwa sababu ndiko chombo kinakoelekea. Lakini mlango wa chuma ukishainuliwa unakuwa ukuta, na aliyesimama nyuma yake haoni maji ya karibu. Anaona ukanda mwembamba wa ng'ambo ukiwa juu ya bati, na ukanda huo unakua polepole mno kiasi kwamba jicho huchoka kabla haujabadilika. Kitu kinachokujia uso kwa uso hakionyeshi mwendo wake. Mwendo huonekana ubavuni. Povu linapita chini ya miguu yako kwa kasi, shada la magugu maji linafuata kwa utaratibu, mtumbwi wa mvuvi unasogea kidogo, na vilima vya ng'ambo vimetulia kabisa. Ni matabaka manne ya umbali, na kila moja lina kasi yake. Ukisimama hapo unauona umbali ukijipanga wenyewe, bila kuambiwa na mtu kwamba ghuba ina upana gani.

Ubavu nao ni wa kuchagua. Pantoni iliyotoka Kigongo kwenda Busisi ilielekea magharibi. Ubavu wa kulia ulitazama kaskazini, ghuba inakofunguka kuelekea jiji la Mwanza na ziwa kuu. Ubavu wa kushoto ulitazama kusini, ghuba inakoingia nchi kavu na kusinyaa. Kulia palikuwa na uwazi. Kushoto palikuwa na undani wa matete, ndege na kingo zinazokaribiana. Jua nalo lina kauli yake. Asubuhi lilikuwa nyuma ya anayekwenda Geita, likimulika Busisi vizuri. Alasiri lilimpiga usoni, na maji ya mbele yakageuka mng'ao mtupu. Kwa kuwa tuko kusini kidogo mwa ikweta, Juni jua la mchana huegemea kaskazini na Desemba huegemea kusini. Kwa hiyo mchana wa Juni rangi za ziwa husomeka vizuri ukitazama kusini, na mchana wa Desemba ukitazama kaskazini. Anayejua hayo hahitaji kusukumana na mtu. Anakwenda upande wenye mwanga mzuri, hata kama umati uko upande wa pili.

Sasa tupande juu, maana juu kuna hoja nzito ya kujibiwa. Ni kweli kwamba kimo huongeza upeo. Macho yakiwa mita 3 juu ya maji, upeo uko umbali wa kilomita 6 hivi. Yakiwa mita 12, upeo unafika kama kilomita 12. Ukiongeza kimo mara nne, umbali unaongezeka mara mbili. Lakini tuulize: unaongezewa nini? Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ilhali kina chake kirefu kabisa ni mita 80 hivi. Ni ziwa la upana. Ukiwa katikati yake, kilomita sita za ziada ni maji mengine yaleyale, huku mtumbwi, ndege na wimbi vikipoteza umbo kwa kuwa umeviacha chini.

Watu wa ukanda huu wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa sababu wanayajua mashimo. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940 mkoani Shinyanga, na shimo la Nyankanga katika mgodi wa dhahabu wa Geita, ni sehemu ambazo mtu husimama ukingoni na kutazama chini. Tazama picha ya shimo kama hilo lisilo na kitu ndani yake: ni ngazi za udongo tu, na huwezi kujua kama kina chake ni mita 20 au 200. Likitokea lori moja kwenye barabara ya kuzunguka ukingo, ghafla shimo linapata ukubwa wake, kwa sababu jicho limepata kipimo. Ziwani ni hivyohivyo. Chuma cha kushikia, kamba iliyofungwa, bega la jirani na ndoo yake ya samaki ndiyo malori yetu. Bila hivyo maji hayana ukubwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba chombo kibaki machoni.

Mtu anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, anapata ushahidi wa kinyume cha kimo. Boti ni dogo na macho yako karibu sana na maji. Kisiwa hakionekani kama ramani iliyotandazwa, kinainuka. Kwanza ni mstari mweusi, halafu ni msitu, halafu ni mti mmoja mmoja, na mwisho ni ndege juu ya tawi. Uchini huo unampa mtazamaji hatua zote za kufika, na hakuna hata moja inayorukwa.

Meli ya usiku ina fani nyingine. MV Victoria iliingia kazini ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2020, baada ya ukarabati mkubwa, ilirejea kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikibeba abiria 1,200 kati ya Mwanza, Kemondo na Bukoba. Hapa madaraja ya tiketi ndiyo yanayogawa mandhari. Mwenye chumba amenunua kitanda, mlango wa kufunga na dirisha. Lakini usiku, taa ikiwaka ndani, kioo humrudishia sura yake mwenyewe. Akiizima, anapata kipande cha giza cha ukubwa wa dirisha. Yule aliyelala kwa taabu kwenye kiti anatoka nje kunyoosha miguu, anashika chuma chenye umande, na ziwa lote ni lake.

Kinachoonekana nje usiku huo ni taa za wavuvi wa dagaa. Hao huvua kwa mwanga, hivyo hufuata giza la mwezi. Mbalamwezi ikikaribia kutimia, kazi hupungua. Anayetaka kuziona basi na asafiri mwezi ukiwa mwandamo. Aende ubavuni mahali penye kivuli, mbali na taa za meli yenyewe, ayape macho muda wa kuzoea giza. Taa zilizo karibu zitacheza na mawimbi, na za mbali zitatulia mstarini. Hata gizani kanuni ni ileile: kilicho karibu ndicho kinachompa mtazamaji uwezo wa kukisoma kilicho mbali.

Alfajiri umati huenda mbele kuitafuta Bukoba, na hapo unapitwa na tukio kubwa la safari. Meli inapokata ziwa kwenda magharibi, jua linachomoza nyuma yake, juu ya mkondo wa povu ulioachwa na meli. Wakati huo mahali pake ni tezi. Kutoka Kemondo, meli inapopanda kaskazini kuelekea Bukoba, mambo yanageuka: ubavu wa kushoto una pwani ya Kagera iliyomulikwa na jua la asubuhi, na ubavu wa kulia una ziwa linalometameta. Wa kushoto ndio wa kushika, kwani jua liko mgongoni mwako na nchi iko mbele yako.

Ila kuna sharti ambalo mhakiki wa fani ya chombo hana ruhusa ya kuliruka. Katika kitabu, msomaji akihamia ukurasa mwingine, kitabu hakiinami. Chombo huinama. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa pekee walikuwa 228. Mzigo uliozidi ndio msingi wa msiba kama huo, na watu wanapojaa juu au kukimbilia upande mmoja, hatari huongezeka maradufu. Mizani ni sehemu ya fani. Mahali pa kutazamia pasipoweza kubeba watazamaji wake ni mahali pabaya, hata pangekuwa na mandhari ya peponi. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda chombo kibaki machoni: anayekiona chombo anaona pia kimejaa kiasi gani, kimelala upande gani, na maboya yako wapi.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Sina huzuni ya bandia juu ya foleni ya Kigongo. Mama mjamzito kutoka Sengerema hakuwahi kunufaika na mandhari akiwa anasubiri pantoni usiku. Daraja limeokoa saa nyingi, na bila shaka litaokoa maisha. Lakini nalo ni fani, na lazima lisomwe. Kwenye basi la mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ghuba yote inakwisha ndani ya dakika 4 hivi. Kizuizi cha pembeni, ambacho kingekuwa kipimo cha karibu, kinapita kwa kasi isiyoshikika, na maji yako chini mno. Abiria anaona kwamba kuna ziwa. Haoni ziwa likifanya lolote.

Hata hivyo, waliolichora daraja waliacha njia za waenda kwa miguu pembeni, pande zote mbili. Mtu mwenye hatua za kawaida huzimaliza kilomita 3 kwa dakika kama 40, muda unaokaribiana na ule wa pantoni. Kwa hiyo ubavu haujapotea; umehamia juu ya nguzo, na unamsubiri atakayeshuka garini. Mikoa ya Mwanza na Geita, inayotamani watalii, ianzie hapo: kivuli, mahali pa kupumzikia pasipoziba njia, na kibao kinachomwambia mgeni kaskazini kuna nini na kusini kuna nini.

Na kwa wanaounda vyombo vipya ombi langu ni moja. Meli kubwa ya MV Mwanza Hapa Kazi Tu, iliyoshushwa majini Februari 2023, ina urefu wa mita 92.6 na kimo cha mita 20, na inaonyesha kwamba tunaweza kuunda kwa ukubwa. Ukubwa huo uende pamoja na ubavu ulio wazi, mpana, wenye vyuma imara, unaofikiwa na kila tiketi, na uliohesabiwa kwenye mizani ya chombo tangu siku ya kwanza ya mchoro. Pantoni ya Kigongo iliupata ubavu huo bila kukusudia, na kwa nusu saa iliwaweka mwenye mgodi na muuza dagaa kwenye chuma kimoja cha kushikia. Meli inayojengwa kwa fedha za umma inapaswa kuufanya kwa makusudi, na mhakiki aipime kwa kile inachomwezesha kuona abiria wa daraja la tatu.