Nani Anamsimulia Mbegha? Uhakiki wa Uhifadhi wa Masimulizi ya Usambara kutoka Kitabuni hadi Hifadhi ya Kidijitali

Mijadala kuhusu uhifadhi wa kidijitali wa masimulizi ya kihistoria huchukulia mara nyingi kwamba tatizo kuu ni upotevu: wazee wanafariki, hivyo sauti zao zirekodiwe mapema. Uhakiki huu unadai kwamba, kwa upande wa Usambara, hiyo ni nusu tu ya tatizo. Masimulizi ya Washambaa yamekuwa yakihifadhiwa kwa ushirikiano na wageni kwa zaidi ya karne moja. Kilichopungua zaidi si maneno, bali taarifa za nani aliyasema, kwa nani, kwa lugha gani na kwa masilahi gani.

Mfano wa kwanza ni Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyochapishwa na wamisionari wa UMCA kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha ikahaririwa na J.W.T. Allen mwaka 1962. Thamani yake haina shaka. Hata hivyo, mwandishi alikuwa amemtumikia Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, huko Mazinde. Na mambo yaliyosimuliwa milimani kwa Kishambaa yeye aliyaandika kwa Kiswahili. Msomaji hukutana na sauti moja iliyonyooka, ilhali mafanani wengi nyuma yake wamemezwa. Hata habari za Kiva, uasi wa Wabondei dhidi ya Wakilindi, haziwezi kupimwa pasipo kukumbuka mahali aliposimama mwandishi.

Steven Feierman, katika The Shambaa Kingdom (1974), alikabili udhaifu huo kwa kulinganisha matoleo. Alionesha kwamba kisa cha Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, akawagawia watu nyama na hatimaye akatawala Vugha, si orodha ya matukio tu; ni hoja kuhusu uhalali wa mtawala. Katika Peasant Intellectuals (1990) alichambua dhana za kuzifya shi na kubana shi. Tafsiri za “kuiponya nchi” na “kuiharibu nchi” zinasaidia, lakini hazibebi peke yake uhusiano wa mvua, njaa na mamlaka uliomo katika Kishambaa. Pamoja na ubora wake, uchambuzi huo umeandikwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo uko mbali na wengi wa wajukuu wa wasimulizi.

Teknolojia ya kidijitali inaweza kurekebisha mengi. Inarudisha kiimbo, kicheko na kimya cha fanani, na inaruhusu matoleo yanayopingana kukaa bega kwa bega bila mhariri kuteua moja. Lakini faili la sauti lisilotaja ukoo wa msimulizi, hadhira yake na mazingira ya utendaji linarudia kasoro ya kitabu, tena kwa kasi kubwa zaidi.

Ushirikiano wa kimataifa basi upimwe kwa vigezo vitatu. Kwanza, unukuzi wa Kishambaa utangulie tafsiri yoyote. Pili, ridhaa itofautishe kisa cha hadhara na maarifa ya ukoo, kama yale ya uganga wa mvua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua ulinzi wa kazi za jadi za Watanzania. Saini ya mzee mmoja haitoshi kusemea ukoo mzima. Tatu, nakala kamili ibaki Lushoto, isikike hata pasipo intaneti.

Inaweza kupingwa kwamba masharti haya yatachelewesha kazi huku wazee wakiendelea kuondoka. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linachanganya kurekodi na kusambaza. Kurekodi kunaweza kufanyika leo. Kusambaza kunaweza kusubiri makubaliano. Haraka ya kwanza inamhifadhi msimulizi. Haraka ya pili yaweza kumpokonya simulizi lake. Hifadhi itakayoshindwa kumjibu mjukuu wa Vugha anayeuliza “nani alisema haya?” itakuwa imehifadhi sauti na kumpoteza msemaji.